Ukijani wa maziwa ya magadi ni kitu gani hasa, na ndio spirulina hiyo ya madukani?

Mzawa_wa_Meru

Habari za muda huu wakuu. Naombeni elimu kwa wanaojua mambo ya maziwa na vijidudu vyake, maana wanafunzi wameniuliza na kitabu cha kiada hakina majibu.

Nafundisha sekondari huku Arusha, juzi juzi tulipeleka form two maziwa ya Momela ndani ya hifadhi. Maziwa yako jirani jirani kabisa lakini kila moja na rangi yake, sasa lile kubwa maji yake ni kijani kizito, yani hata ukingoni penye kina cha kiganja huoni chini, na flamingo wamejaa wanakula vichwa vikiwa vimegeuzwa juu chini. Tukaambiwa wanakula mwani. Mwanafunzi mmoja akasema yeye amesoma mahali kwamba ule sio mwani ni bakteria, wenzake wakambishia, bakteria gani wa kugeuza rangi ya ziwa zima? Mwingine akadai dada yake ananunua unga wa spirulina dukani, hela ndefu kweli, na ni kitu hichohicho.

Kwahiyo naomba kujua ni mmea au ni bakteria, na kwanini anajaa kwenye maji ya magadi wakati samaki wengi na mimea mingi pale haviwezi kuishi, na je ni kweli flamingo wakihama ghafla ni kwasababu yake? Alafu la mwisho, kama ndio spirulina yenyewe mbona watu wa pale hawachoti wakakausha wakauza? Natanguliza shukrani.

fundi_hadubini

Mwalimu karibu sana, umeuliza kuhusu kiumbe ninayempenda kuliko wote ninaowaona kazini.

Huyo mwanafunzi yuko sahihi, ni bakteria. Anaitwa Arthrospira fusiformis, maandiko mapya yanamwita Limnospira, wa kundi la sainobakteria, yani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Kiini cha seli hana, kloroplasti hana, ukuta wake sio wa selulosi, kwahiyo kwenye mimea hayumo kabisa hata kama rangi inadanganya.

Chukua tone la yale maji weka kwenye kioo anza na lenzi ndogo. Utaona nyuzi zimejisokota kama springi ya kalamu, zingine zimebana, zingine zimelegea, zingine karibu zimenyooka, na zote ni jamii moja. Panda lenzi ya 40 sasa. Uzi mmoja ni seli nyingi zimepangana mstari mmoja, kati ya seli na seli kuna kiukuta chembamba kinakatiza. Unene ni maikromita 6 mpaka 12 hivi, urefu unaweza kufika nusu milimita, ndio maana ukijaza maji kwenye chupa angavu ukainua kwenye mwanga unaona vichembe vichembe hata bila hadubini. Tulia uangalie, utaona uzi unajizungusha taratibu huku unasogea, hana mkia wa kuogelea, anateleza tu. Na ndani ya seli kuna vidoa vyenye giza, vile ni vifuko vya gesi, kuta zake ni za protini na ndivyo vinamfanya aelee juu penye mwanga. Asubuhi kama hakuna upepo wanapanda wanatanda juu ya maji, upepo ukianza mchana wanachanganyika tena na maji ya chini.

Kuzaliana hakuna dume wala jike. Seli moja katikati ya uzi inakufa kwa makusudi, uzi unakatikia hapohapo, vipande vinateleza kila kimoja njia yake na kila seli inaendelea kujigawa mpaka kipande kinakuwa uzi mrefu tena. Kwenye joto la nyuzi 30 na kitu na mwanga wa kutosha wanaongezeka mara mbili ndani ya siku moja au chache tu, hapo ndio unapata jibu la bakteria gani anageuza rangi ya ziwa zima.

Kuhusu magadi. Maziwa haya ya Bonde la Ufa mengi hayana mto wa kutokea, maji yanaingia yamepita kwenye miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi, jua linayakausha, chumvi inabaki, miaka na miaka. Inayobaki ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, magadi haya haya tunayotia kwenye maharage. pH, yani kile kipimo cha asidi na besi, inafika 9, 10, hata kuzidi kidogo. Viumbe wengi hapo wanashindwa ila yeye anaifyonza ile bikaboneti anaipeleka ndani ya seli anaigeuza kaboni ya kutengenezea sukari, yani kile kinachowafukuza wenzake yeye ndio ghala lake la malighafi. Mwanga upo mwaka mzima, joto lipo, washindani wachache. Maziwa ya namna hii yamepimwa na kukutwa miongoni mwa sehemu zenye usanisinuru mkubwa kabisa duniani, mchana maji yanajaa oksijeni kupita kiasi, usiku wote wanapumua na oksijeni inaweza kwisha kabisa.

Kitu kimoja hawezi, kukamata naitrojeni ya hewani. Kuna sainobakteria wengine wa nyuzi kama Anabaenopsis wana seli maalum za kazi hiyo, unaziona kwenye hadubini ni seli angavu zimekaa tofauti na zingine. Arthrospira hana, anategemea naitrojeni iliyomo majini tayari, kutoka kwenye tope linalooza na kinyesi cha ndege. Kwahiyo flamingo anamla na papo hapo anamrutubisha.

Dereva_Bonde

Salaam mwalimu, mimi natembeza wageni kwenye maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria huku Kenya, hiyo stori ya flamingo kuhama nimeiona kwa macho wacha niongeze.

Kwanza hao wanaokula hiyo kitu ni flamingo mdogo, ndio wengi. Flamingo mkubwa yeye anapenda zaidi wadudu na vitu vya kwenye tope. Mdogo ndani ya mdomo ana maelfu ya vijisega vyembamba sana, anageuza kichwa juu chini, ulimi unapiga maji kuingia na kutoka haraka haraka, zile nyuzi zilizosokotwa zinanasa maji yanatoka. Sasa skiza hapa, ule mchujo umepimana na ukubwa wa nyuzi. Ziwa likibadilika likajaa vijidudu vidogo vya duara, maji yanaweza kubaki kijani vilevile, wageni wanaona ni sawa, lakini flamingo anachuja hapati kitu. Ndege mmoja anahitaji kama gramu 60 kavu kwa siku, enzi zile Nakuru ilikuwa na flamingo milioni moja hiyo ni tani 60 kila siku, piga hesabu ziwa linazalisha namna gani.

Mwaka 1974 hii kitu ilikufa Nakuru karibu yote, maji yalikuwa yamepungua chumvi ikapanda, vikachukua nafasi vijidudu vidogo, flamingo wakaondoka. Wanasayansi walikuwepo wakiipima kwahiyo imeandikwa vizuri. Sasa sisi wa juzi tukaona kinyume chake, kuanzia 2010 na kuendelea maji yakapanda, Nakuru ikameza msitu wa kando, geti kuu la zamani likaingia maji ikabidi lihamishwe, na maji mengi ya mvua na mito yakapunguza makali ya chumvi. Ikapungua ile kitu ya kijani na ndege wakahama wengi wao Bogoria, kule chumvi ni nzito zaidi, maji hayabadiliki haraka. Chumvi ikizidi huyu bakteria anakufa, ikipungua sana anapokonywa ziwa na wengine, hapo katikati ndio kwake.

Na sio flamingo peke yake anakula hapo. Kuna kiumbe cha seli moja, kikubwa tu kwenye hadubini, kinameza zile nyuzi nzima nzima, kuna rotifa, yani vijidudu vidogo sana vya majini, na kuna wale tilapia wadogo wa Ziwa Magadi ambao waliletwa Nakuru miaka ya 1950 na 1960 wapunguze mbu. Samaki wakaanza kula ukijani, kabla yao ndege wa samaki hawakuwa na shughuli pale, baadaye mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Ukishika hiyo laini unakuta mwari anakula jua kupitia huyu bakteria.

Wageni hupenda kuuliza kuhusu ile rangi ya waridi pia. Inatoka humo humo. Bakteria ana karotenoidi, yani rangi za asili kama ile ya karoti, ndege akila mwili unazigeuza zinaingia kwenye manyoya. Kifaranga huzaliwa kijivu.

msomaji_wa_maji

Dereva umeeleza vizuri sana. Niongezee sababu nyingine ya kuporomoka ambayo haisemwi sana, virusi. Kuna virusi vinavyoshambulia sainobakteria peke yake, na utafiti uliofanyika Nakuru ukachapishwa 2014 uliwakuta wengi ndani ya nyuzi za Arthrospira wakati idadi yake imeshuka, na flamingo nao wakapungua. Virus usiyeweza kumuona hata kwa hadubini ya shule anaangusha bakteria, bakteria anaondoka na ndege laki kadhaa. Mimi hiyo ndio ilinifanya nipende hii fani.

Mwalimu kwa kuwa wanafunzi wako wametoka Momela waambie na hili. Mwaka 2004 flamingo wengi walikufa Momela Kubwa na Manyara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha 2006 wakitaja sumu za sainobakteria kama chanzo kinachowezekana. Nakuru na Bogoria nako vilishawahi kutokea vifo vya namna hiyo miaka ya 1990, na zipo sumu zilizopimwa, za ini na za mishipa ya fahamu, Bogoria zilikutwa hata kwenye tandiko la sainobakteria linaloota kwenye chemchemi za moto. Na flamingo wanaenda kwenye chemchemi hizohizo kunywa na kuoga kwasababu maji yake hayana chumvi kali. Lakini tusiweke lawama sehemu moja, wapo ndege walikutwa na kifua kikuu cha ndege, wapo waliokonda kwa njaa, na ndege mwenye njaa ugonjwa mdogo tu unammaliza.

Kingine, ziwa moja halitoshi. Hawa ndege wanaishi kwa mtandao wa maziwa mengi, chakula kikiisha hapa wanaruka usiku wanaenda pengine, leo Manyara kesho kutwa Bogoria, au hata Simbi Nyaima, kile kiziwa cha kreta karibu na Kendu Bay ambacho nacho kinajaa Arthrospira. Ila kuzaa, Afrika Mashariki nzima wanazaa karibu wote Ziwa Natron tu, huku kaskazini mwa Tanzania. Ndio maana ule mpango wa kiwanda cha magadi pale Natron ulipingwa sana mwaka 2007 na 2008, na mimi naamini waliopinga walikuwa na haki kabisa. Ukiharibu Natron huwezi kusema Nakuru na Bogoria zitafidia, kule wanakula tu.

Mzawa_wa_Meru

Wakuu mmenifungua macho kweli, hii naiprinti kama ilivyo. Limebaki la spirulina. Kama ni yeye yuleyule na flamingo anamla mbichi akanawiri, binadamu akichota pale akakausha kuna shida gani? Nina mzazi mmoja ameshaniuliza kabisa kama ni biashara.

mama_bwawa

Mwalimu hapo nimefika mimi, nakuza spirulina kwenye bwawa huku kanda ya ziwa upande wa Kenya. Mwambie huyo mzazi asichote ziwani, tafadhali sana.

Ndio ni jamii hiyohiyo, jina spirulina limebaki la biashara. Protini yake ni asilimia 55 mpaka 70 ya uzito mkavu, na kwa vile ukuta wa seli ni laini tumbo linaipata kirahisi. Kutumia kama chakula sio jambo geni, huko Chad wanawake wa Kikanembu wamekuwa wakiikusanya tangu zamani, wanachota ule utando, wanaumwaga kwenye mchanga maji yanyonywe, ukikauka wanaukata vipande wanauita dihé, unaingia kwenye mchuzi. Na Mexico kabla ya Wahispania watu wa Ziwa Texcoco walikuwa nayo pia.

Lakini kwa macho huwezi kujua kama ndani ya ule ukijani ni Arthrospira peke yake. Msomaji ameshakwambia kuhusu sumu, zile haziondoki kwa kukausha wala kwa kupika. Alafu baadhi ya maziwa yetu yako chini ya mji, maji ya mitaro na mabaki ya viwandani yanaishia mulemule na huyu bakteria anafyonza metali nzito vizuri tu. Flamingo ana historia ndefu na ile sumu na bado anakufa, sembuse mtoto wa miaka mitatu anayekorogewa kwenye uji. Na tena ni ndani ya hifadhi, kuchota bila kibali ni kesi.

Bwawani kazi ni nyingine. Bwawa langu halina kina, maji yanafika chini ya goti, nimelitandika karatasi nzito na juu kuna paa angavu. Naweka maji safi, bikaboneti ya sodiamu, chumvi kidogo na mbolea yenye naitrojeni iliyo safi kwa chakula, hapo kumbuka alivyosema fundi kwamba hajikamatii naitrojeni mwenyewe, ukimnyima anageuka manjano unamuona hivi hivi anafifia. Maji yanakorogwa mchana kutwa maana wa juu wanaungua na jua wa chini wanakosa mwanga. Napima pH kila asubuhi, ikiwa 10 hivi nalala vizuri kwasababu wavamizi wengi hawawezi kuingia, ikishuka kuelekea 8 najua nitavamiwa. Kabla ya kuvuna naangalia tone kwenye hadubini, nikiona kitu cha duara au uzi ulionyooka nisiouelewa sivuni. Kuvuna ni kupitisha kwenye kitambaa laini, nyuzi zinabaki maji yanarudi bwawani, nasuuza, nakamua, nasukuma iwe kama tambi, nakausha siku hiyohiyo kwenye kikaushio cha jua chenye wavu. Ikilala mbichi usiku mmoja tu inanuka vibaya sana.

Na wateja nawaambia ukweli. Ni chakula kizuri, kina madini ya chuma, lakini haitibu kisukari wala saratani, na ile vitamini B12 inayoandikwa kwenye paketi nyingi sehemu kubwa ni aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii. Asiyekula nyama asiitegemee kwa hilo.

Mzawa_wa_Meru

Dada asante sana, ujumbe nitaufikisha kwa mzazi hivyohivyo. Sasa fundi, nikitaka wanafunzi wamuone kwenye hadubini yetu ya shule nafanyaje? Nikirudi hifadhini naweza kuomba kachupa kamoja?

fundi_hadubini

Omba kwa barua kupitia shule kabla hamjaenda, eleza ni kwa ajili ya somo na kiasi gani mnataka, mililita 100 zinatosha darasa zima. Njia rahisi zaidi ni kumuomba mkulima kama mama_bwawa akupe mbegu hai kidogo, hapo huhitaji kibali cha hifadhi na una uhakika ni yeye.

Usijaze chupa mpaka juu, acha hewa, usifunge sana na usiiache juani ndani ya gari. Mkifika iacheni mezani bila kutikisa asubuhi nzima, wanafunzi wachore utando unavyopanda juu, hiyo ni kazi ya vifuko vya gesi wanaiona kwa macho. Alafu tone kwenye kioo, lenzi ya 10 kwanza, wahesabu misokoto ya uzi mmoja, wapime urefu, watafute sehemu ambayo seli imekufa uzi unataka kukatika. Unatofautianaje na bakteria wa kwenye kitabu hapo hutahitaji kuwaeleza.

Zoezi la mwisho linapendwa sana. Chuja kidogo kwa kitambaa, weka kwenye friza kigande, kiyeyushe, rudia tena mara nyingine, kisha mimina maji safi juu yake uache. Seli zitakuwa zimepasuka na maji yatatoka bluu kabisa, bluu ya wino. Hiyo ni fikosianini, rangi inayomsaidia kunasa mwanga ambao klorofili haiunasi vizuri, ilikuwemo muda wote imefunikwa na kijani. Iweke gizani maana mwanga na joto vinaiharibu haraka. Kama una darasa zaidi ya moja gandisha kiasi cha kutosha, la pili wakisikia watataka na wao.